Kuacha pombe: Usiogope kikao cha kwanza

Juma hili nataka tuzungumze juu ya safari fupi ambayo kwa watu wengi ni ngumu kuliko kupanda Mlima Kenya. Ni safari ya kutoka nyumbani kwako hadi katika chumba ambamo watu wachache wameketi, wakinywa chai na kusimuliana jinsi wanavyojitahidi kuachana na pombe.

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu anayeishi Nchiru, alifunga safari hiyo mara tatu kabla ya kufika. Mara ya kwanza alipanda matatu hadi mjini, akatembea mpaka langoni, akamwona mtu aliyefanana na mzazi wa mwanafunzi wake, akageuka. Mara ya pili aliingia hadi uani, akasikia kicheko kutoka ndani, akadhani anachekwa yeye. Jioni hiyo alikunywa kuliko kawaida yake. Mara ya tatu mkewe alimsindikiza hadi mlangoni, akamngoja nje. Alipotoka baada ya saa moja na nusu, neno la kwanza alilomwambia mkewe lilikuwa hili: "Kumbe si mimi pekee."

Maneno hayo manne ndiyo somo letu la leo. Mtu aliyetawaliwa na pombe hakosi mawaidha. Anachokosa ni mwenzake.

UGONJWA, SI UHUNI

Katika sehemu zetu za Meru na Embu pombe si jambo geni. Wazee wetu walikunywa pombe ya asali katika sherehe za mahari na mikutano yao, lakini ilikuwa na wakati wake na watu wake. Leo hii kijana wa chuo kikuu, mwendeshaji bodaboda na mkulima wa miraa wote wanaweza kununua chupa ndogo kwa pesa kidogo, saa yoyote, na kuinywa peke yao.

Hatari zake twazijua. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walifariki Embu na katika kaunti nyingine baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Februari 2024 msiba kama huo ukaikumba kaunti ya Kirinyaga. Hata hivyo mraibu anayesoma habari hizo gazetini asubuhi aweza kunywa jioni. Kwa nini? Si kwamba hana akili, wala si kwamba hawapendi watoto wake. Ni kwamba ubongo wake umebadilika.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo nao hujitetea kwa kuongeza kasi yake. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja upande wake. Mmoja akiachilia ghafla, mwenziwe huanguka kifudifudi. Ndiyo sababu mlevi wa siku nyingi akikosa pombe hutetemeka, hutoka jasho na kukosa usingizi. Hapo anakunywa ili tu awe kama watu wengine, na raha ilikwisha zamani.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nikimwambia mgonjwa, "Acha pombe, ini lako litaharibika," kisha namwandikia vitamini na kumwita anayefuata. Wagonjwa hao waliniitikia kwa heshima. Baada ya miezi michache walirudi wakiwa hali mbaya zaidi.

JIPIME KWA MASWALI MANNE

Kabla ya kuendelea, jibu maswali haya kwa moyo wa kweli. Yamekuwa yakitumiwa na madaktari kwa miongo kadhaa, na hakuna anayekusikia.

1. Je, umewahi kuona kwamba yafaa upunguze kunywa?

2. Je, umewahi kuudhika kwa sababu watu wanakulaumu juu ya unywaji wako?

3. Je, umewahi kujihisi mkosefu kwa ajili ya kunywa kwako?

4. Je, umewahi kunywa asubuhi, mara tu unapoamka, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana, jambo ambalo wengine huliita "kutoa loki"?

Ukijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, jambo hilo lafaa kuangaliwa. Jibu lenyewe halithibitishi ugonjwa. Linakuambia tu kwamba wakati umefika wa kuzungumza na mtu.

TAHADHARI: USIACHE GHAFLA BILA DAKTARI

Naomba usome sehemu hii mara mbili. Ikiwa unakunywa kila siku, na hasa ikiwa unatetemeka au kutoka jasho ukikosa pombe, usiikate kwa siku moja ukiwa peke yako nyumbani. Mtetemeko, kichefuchefu na wasiwasi huweza kuanza saa 6 hivi baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege kama la kifafa huweza kutokea kati ya saa 6 na 48. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4, wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo na kupata homa. Hali hiyo inaweza kuua.

Nenda kwanza hospitalini na umweleze daktari ukweli wa kiasi unachokunywa. Zipo dawa za kumvusha mtu siku hizo kwa usalama, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe baadaye, kama vile naltreksoni na akamprosati, ambazo daktari ataamua kama zakufaa. Ikiwa umewahi kupata degedege au una ugonjwa wa moyo, kisukari au mimba, sema mapema.

Na kwa sababu tuko Meru, sema pia juu ya miraa. Wapo wengi wanaotafuna mchana kutwa, kisha usiku wanatafuta pombe ili wapate usingizi. Ukificha moja, kutibu lile jingine ni kazi bure.

Hospitali husafisha mwili kwa siku chache. Lakini mtu hurudi nyumbani, kwa marafiki wale wale na njia ile ile inayopita mbele ya baa. Kazi ya kikundi huanzia hapo.

VIKUNDI HIVI VILITOKA WAPI?

Mwezi wa Mei 1935, mfanyabiashara mmoja wa New York aliyeitwa Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Alikuwa amekaa miezi kadhaa bila kunywa, na sasa alikuwa peke yake hotelini, akisikia watu wakifurahi baa. Alijua kwamba akiingia amekwisha. Badala yake alienda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa ya mji ule akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye.

Tazama hapo, msomaji. Hakuomba mhubiri wala daktari. Aliomba mlevi mwenzake. Simu hizo zilimfikisha kwa Bob Smith, ambaye alikuwa daktari wa upasuaji na mlevi wa kupindukia. Daktari huyo alikubali kuzungumza kwa dakika 15 tu, lakini wakakaa pamoja kwa saa kadhaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekutana na mtu aliyeyajua mambo yale kwa kuyapitia. Daktari Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi. Maana ya jina hilo ni walevi wasiotajwa majina.

Leo AA iko katika nchi nyingi za dunia, Kenya ikiwa mojawapo. Je, inasaidia kweli? Mwaka wa 2020 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Waligundua kwamba njia hii, pamoja na matibabu yanayomwelekeza mgonjwa kwenye vikundi hivyo, huwasaidia watu kukaa bila pombe sawa na matibabu mengine ya mazungumzo yanayoheshimiwa, na mara nyingi kuliko hayo. Tena kikundi hakina ada.

UTAKIPATA WAPI?

Anza na simu. Mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ina nambari 1192, ambayo kuipiga ni bila malipo. Waambie uko wapi na uulize juu ya washauri na vikundi vya karibu.

Pili, uliza katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe, katika kitengo cha afya ya akili. Kwa mkazi wa Nchiru, hospitali ya rufaa ya Meru iko upande mmoja wa barabara, na hospitali ya Methodist ya Maua upande wa pili. Mwanafunzi wa chuo kikuu aanze na washauri nasaha wa chuo chake.

Tatu, uliza makanisani, hata kama wewe si muumini wa hapo. Vikundi vingi hukutana katika kumbi za makanisa kwa sababu ni mahali penye utulivu na gharama ndogo, ingawa AA si mali ya kanisa wala dhehebu lolote.

Nne, ikiwa waogopa kuonekana, unaweza kuanza mbali na nyumbani, katika mji usiojulikana, au kwa vikao vya mtandaoni ambavyo vilienea sana tangu mwaka wa 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Huhitaji zaidi ya simu na chumba chenye faragha.

Unapopata kikundi, uliza mambo matatu: siku na saa, mahali hasa, na kama kikao ni cha wazi. Kikao cha wazi aweza kuhudhuria mtu yeyote, hata mke, mume au rafiki. Kikao cha ndani ni kwa wale tu wanaotaka kuacha kunywa. Piga simu tena siku yenyewe, kwa maana ratiba hubadilika.

NDANI YA CHUMBA

Sisi Wakenya ni hodari wa vyama. Mama mboga ana chama chake, na wafanyakazi wa ofisini wana chao. Kila mtu huleta mchango, na siku yake ikifika hupokea. Kikundi hiki ni chama pia, ila kinachochangwa ni maneno ya kweli.

Fika dakika 10 kabla. Ukifika mapema, mtu mmoja atakusalimu. Ukichelewa, utahisi macho yote yamekugeukia. Mtu mmoja huongoza kikao na kusoma maneno mafupi ya ufunguzi. Kisha mmoja baada ya mwingine hutaja jina lake la kwanza, husema kwamba yeye ni mlevi, na kueleza alivyokuwa, yaliyompata na alivyo sasa. Anapozungumza, wengine hawamkatizi, hawamkosoi na hawampi amri. Akimaliza, wanamshukuru.

Zamu yako ikifika, unaweza kusema, "Leo nitasikiliza tu," na inatosha. Hakuna atakayekulazimisha. Kikapu cha mchango wa chai na pango kikipitishwa, kipitishe. Mgeni hadaiwi kitu. Hakuna fomu ya kujaza, na sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Usishangae ukisikia kicheko. Mwalimu wetu wa Nchiru alidhani anachekwa. Baadaye aligundua kwamba walikuwa wakimcheka mzee mmoja aliyesimulia jinsi alivyoficha chupa katika zizi la ng'ombe, kisha akasahau ni zizi lipi. Walicheka kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na zizi lake.

Kabla ya kuondoka, fanya jambo moja: omba nambari ya simu ya mtu mmoja. Ikiwezekana awe wa jinsia yako. Hamu ya pombe hupanda kama wimbi, na mara nyingi hushuka baada ya dakika kadhaa. Dakika hizo ndizo za kupiga simu.

MASWALI NINAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nikikutana na mtu anayenijua? Yawezekana, hasa katika kituo kidogo kama Nchiru, ambapo hata makanga wanajua unashukia wapi. Lakini kumbuka kwamba naye amekuja kwa shida ile ile, na yanayosemwa humo hubaki humo. Kikundi hakipeleki habari kwa chifu wala kwa mwajiri. Na wale unaojaribu kuwaficha, wengi wao walikwisha kukuona ukitoka baa usiku.

Je, ni lazima niwe mtu wa dini? Hapana. Utasikia Mungu akitajwa na huenda sala ikasomwa, lakini kila mmoja huachiwa aelewe apendavyo. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wote huketi chumba kimoja.

Mimi ni mwanamke, je, nitasemwa? Najua kwamba katika jamii yetu mwanamume mlevi huonewa huruma, na mwanamke mlevi hutukanwa. Kwa sababu hiyo wanawake wengi hunywa kwa siri na kuja hospitalini wakiwa wamechelewa. Uliza kama kuna wanawake wengine katika kikundi, na kikao cha kwanza nenda na rafiki unayemwamini ikiwa ni cha wazi.

Je, nikienda nimekunywa? Nenda. Keti, nyamaza, sikiliza. Aliye na pombe kichwani haombwi kuzungumza, lakini hafukuzwi ikiwa ametulia.

Je, nikirudia kunywa? Kuteleza si kuanguka. Wengi waliomo chumbani waliteleza. Rudi kikao kinachofuata, na usingoje mpaka ujisafishe kwanza. Ila ikiwa umerudi kunywa kila siku, pita kwa daktari kabla ya kukata tena.

Je, kikao kisiponipendeza? Jaribu vingine kadhaa, kwa kikundi kingine ikiwezekana, kabla ya kuamua. Kila kikundi kina watu wake na desturi zake.

IKIWA HAKUNA KIKUNDI KARIBU

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Nauli ya kwenda na kurudi kila juma si mzaha. Lakini kumbuka kwamba AA ilianza na watu wawili katika chumba kimoja. Ikiwa unamjua mtu mmoja anayetaka kuacha pombe kama wewe, tayari mna kikundi.

Chagueni siku moja na saa moja isiyobadilika. Tafuteni mahali pasipouzwa pombe, kwa mfano darasa baada ya masomo au chumba cha kanisa. Zungumzeni kwa zamu, kila mtu juu ya maisha yake mwenyewe. Msikopeshane pesa kikundini, wala msiruhusu mwanasiasa aje kupigwa picha nanyi. Yasemwayo yasitoke nje. Muwe na daktari au muuguzi anayewajua, kwa ajili ya yule atakayeanza kutetemeka. Na hata kama juma fulani amefika mtu mmoja tu, akae mpaka saa iishe, kwa maana huenda mgeni yuko langoni akijishauri.

KWA MKE, MUME NA WAZAZI

Huwezi kumwachia mtu pombe kwa niaba yake. Kumwaga chupa zake, kumlipia madeni ya baa na kumdanganyia mwajiri kwamba ana malaria havijamponya mtu ninayemjua. Zungumza naye asubuhi akiwa timamu, kwa maneno machache: niliona nini, naogopa nini, naomba nini. Kisha ujitolee kumsindikiza. Wapo pia Al-Anon, vikundi vilivyoanzishwa mwaka wa 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi, kwa maana nao huumia. Na ikiwa kuna kipigo nyumbani, usalama wako na wa watoto huja kwanza, kabla ya kikao chochote.

Msomaji mpendwa, mwalimu wetu bado anapanda matatu kila juma. Aliwahi kuteleza mara moja, akarudi. Siku hizi hufika mapema na kusimama karibu na lango. Nilipomuuliza kwa nini haingii ndani akakaa na wenzake, alinijibu kwamba anamtafuta mtu anayetaka kugeuka.

Basi ukifika langoni ukaona mtu amesimama pale akikutazama, usikimbie. Huenda anakungoja wewe.